Vidole Viwili vya Hirbo

Mume wangu Hirbo amechinja ng'ombe hapa Garsen miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo watu wamemcheka kwa jambo moja. Akishakata, hakai mbele. Anapangusa kisu, anazunguka nyuma, anachuchumaa, anauinua mkia wa ng'ombe na kuweka vidole viwili chini ya shina lake, pale penye mshipa. Wenzake wameshanoa visu vya kuchunia, wanamsubiri, wananung'unika. Yeye kafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakuna anayegusa ngozi mpaka aseme, "Tayari."

Sababu yake ni ya dini, na hapo sina la kumcheka. Mnyama hachunwi roho ikiwa bado imo. Wengine hutazama jicho, wengine husubiri miguu itulie, na wengi, tusidanganyane, hutazama foleni ya wenye bucha. Hirbo alisema jicho linadanganya na miguu inadanganya, ila mshipa wa mkia haujawahi kumdanganya. Mimi nauza supu na matumbo kibandani, hatua thelathini kutoka hapo, kwa hiyo hotuba zake nimezisikia mpaka nazijua kuliko yeye. Mwanzoni pigo linakusukuma kidole, lina unene. Damu ikiendelea kutoka, linakonda. Mapigo hayapungui, tena yanakwenda mbio, lakini kila moja ni jembamba kuliko lililopita. Moyo umekosa cha kurusha, alikuwa akisema. Jana ulirusha kikombe, sasa unarusha kijiko, ndiyo maana una haraka hivyo.

Angebaki na ujuzi wake wa mkiani tukaishi kwa amani, kama si Issack. Huyu ni mkaguzi wa nyama, mwenye mhuri wa zambarau, mtu wa kusoma. Naye anaugua presha, anatembea na mashine yake mwenyewe ndani ya mfuko. Siku moja alikaa kwangu akipima huku supu inapoa, Hirbo akamuuliza zile namba mbili zinasema nini. Issack akamweleza. Namba ya juu ni pale moyo unaporusha damu na mshipa unatutumka. Ya chini ni pale moyo unapopumzika na mshipa unalegea. Kidole hakijui juu wala chini, kinachokigonga ni tofauti kati ya hizo mbili. Moyo ukirusha funda kubwa, tofauti inapanuka. Ukirusha funda dogo, tofauti inafinyika.

Hirbo aliweka kijiko chini. Akauliza je, mtu akivuja damu na ile ya juu isishuke? Issack akamwambia hapo ndipo watu wengi huingia mkenge. Mwili unaibana mishipa, ya chini inapanda, na ile ya juu yaweza kusimama muda mrefu kama hakuna kilichotokea. Ukitazama ya juu peke yake utaagana na mtu huku unamsifu. Akaongeza kwamba wazee mishipa yao imekakamaa, ni migumu kama mpira wa baiskeli uliolala juani, haitanuki vizuri, kwa hiyo hata funda la kawaida linaleta tofauti kubwa. Mzee asilinganishwe na kijana. Alinganishwe na yeye mwenyewe wa juzi.

Basi. Toka siku hiyo nyumba ikawa haina raha. Ukimpa Hirbo mkono wa salamu, haurudishi. Anatafuta mshipa. Wateja wangu wakawa wanamsalimia kwa mbali, wanasema ukimpa huyu mkono atakwambia siku yako ya kufa na kilo za nyama utakazotoa. Mimi nilicheka nao. Nilicheka zaidi yao, kwa sababu ukiolewa na mtu wa kuchekwa, ni heri uanze wewe.

Sasa nimtaje mama yangu. Aliitwa Kadii, akikaa na kaka zangu kwenye boma letu kando ya barabara ya Lamu, si mbali na mji. Kwetu Waorma, angalau kwa wazee wetu waliotulea, mume hamtazami mama mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia. Hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na kumgusa ndiyo usiseme. Sheikh alishamwambia Hirbo kwamba kidini mama mkwe ni kama mama yake, ampe mkono, hakuna dhambi. Hirbo alijibu kwamba sheikh hana shemeji kama Nuhu.

Nuhu ni kaka yangu mkubwa. Ng'ombe wake anawajua kwa majina na kwa mama zao, na mtu ambaye kazi yake ni kuwaua kutwa nzima hakuwahi kumhesabu mtu. Harusi yangu ilimkera, na miaka ishirini na minne haikumtosha kusahau. Akimtaja mume wangu husema "mchinjaji wako", hata mbele ya wanangu.

Lakini mama alimpenda Hirbo, na Hirbo alimpenda, nadhani kuliko walivyonipenda mimi. Kila Ijumaa mume wangu alipeleka maini mabichi, akautundika mfuko kwenye mti wa lango, akakohoa, akageuka akaenda zake. Mama akisikia kikohozi, anahesabu hatua zake mpaka ziishe, ndipo anatoka. Hakuwahi kumwona uso. Alijua kikohozi chake, na yeye Hirbo alijua upindo wa buibui lake. Jumamosi mama alinipigia simu kuniambia yale maini yamekatwa kwa heshima.

Mama alikuwa na presha. Farhiya, binti wa Kisomali ambaye ni mhudumu wa afya wa kijiji, alimpima kila mwezi na kuandika kwenye daftari. Mia na sitini na kitu, mia na sabini. Nasema ile ya juu, kwa sababu Garsen nzima ukimuuliza mtu presha yake atakutajia moja tu. Ya chini ni kama jina la babu, ipo lakini nani anaiita. Miaka sita tulikuwa tunaomba hiyo ya juu ishuke. Tulimnyima mama chumvi, tukamnywesha majani machungu, tukamsomea dua.

Mwaka juzi, siku ya Jumanne, ikashuka.

Asubuhi hiyo mama alikuwa akikama. Ng'ombe mwekundu aliyezaa karibuni akampiga teke chini ya mbavu za kushoto. Mama akaanguka, akainuka, akamtukana yule ng'ombe, akamaliza kukama. Saa nne alikuwa amelala juu ya ngozi, anaomba maji, anakunywa, anaomba tena. Jasho lilimtoka na alikuwa baridi. Nuhu akamwita Farhiya, kisha akanipigia mimi. Hirbo alimwachia mwenzake ng'ombe wa pili, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, akachukua pikapu ya kubebea nyama akanileta. Akaegesha nje ya boma la miba na kubaki huko, uso wake umeelekea barabarani, kama inavyompasa. Mvua zilikuwa zimekatika na njia ya Ngao, kwenye hospitali, ilikuwa kavu. Kwa gari lile ni mwendo wa dakika chache tu. Nataja njia makusudi, asije mtu mwema akanitafutia udhuru.

Farhiya akafunga mashine mkononi, ikanguruma, ikanyamaza. Akasoma kwa sauti akiandika: mia na thelathini na mbili kwa themanini na nane.

Mngeiona furaha! Nuhu aliinua mikono akamshukuru Mungu. Wake zake wakabandika chai. Mmoja akasema yule ng'ombe ni daktari, amemtoa mama damu mbaya kwa teke moja, na wote tukacheka, na mama naye akajaribu kucheka. Mimi pia nilifurahi. Miaka sita ya kumnyima mzee chumvi!

Nje, Hirbo akakohoa. Akaniuliza kupitia miba daftari linasema nini la mwezi uliopita. Nikasoma: mia na sitini na nane kwa themanini na sita. Akapiga hesabu. Akasema tofauti ilikuwa themanini na mbili, leo ni arobaini na nne, na mishipa ya mama si ya msichana, haiwezi kubadilika kwa mwezi mmoja. Kilichopungua ni funda. Wampime tena.

Wakampima tena, baada ya chai. Mia na ishirini na nne kwa tisini na mbili. Nuhu akasema inazidi kushuka, sasa ni nzuri kabisa. Mashine ile ina namba ya tatu pia, ya mapigo kwa dakika. Ilikuwa mia na ishirini na moja, na Farhiya hakuisoma kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hirbo akapaza sauti. Akasema tofauti sasa ni thelathini na mbili, inafungika, mama anavujia damu ndani ya tumbo, apakiwe garini sasa hivi, mazungumzo yatafuata hospitalini. Nuhu akamjibu bila kuinuka kwamba mama hapandi gari la nyama, na kwamba presha yake leo ni ya msichana wa kuolewa. Ndugu zangu wengine wakacheka.

Ndipo Hirbo akaniita mimi.

"Mama Ahmad," akasema, "weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. Niambie kama pigo linakusukuma au linakugusa tu. Ukisema linakugusa tu, naingia kumbeba mwenyewe, na ukoo wenu unifanye utakavyo."

Alikuwa hatanii. Ninamjua mtu wangu. Angevunja mila mbele ya wote na asijutie, na angeweza kumbeba mama kwa mkono mmoja, maana mapaja ya ng'ombe ndiyo kazi yake.

Nikapiga magoti, nikashika mkono wa mama. Ulikuwa umelowa. Nilitafuta mshipa muda mrefu kwa mtu niliyesikia hotuba zile maisha yangu yote. Nilipoupata, haukunisukuma. Ulikuwa ukipita chini ya kidole mbio mbio, mwembamba, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo. Nilijua. Sitaki niseme nilidhani au nilikuwa na wasiwasi. Nilijua kama ninavyojua supu iliyochacha.

Mama alikuwa amesikia maneno ya Hirbo. Akavuta buibui kufunika uso, akaniambia polepole, "Asinione." Na Nuhu, huku kashika kikombe, akasema, "Haya, mwambie mchinjaji wako kama mama yuko tayari tumchune."

Boma zima likacheka. Hapo nilipatwa na aibu iliyonichoma masikio. Na hasira yangu, Mungu anisamehe, haikumwendea Nuhu. Ilimwendea Hirbo. Nilimchukia kwa ile damu kwenye kandambili zake, kwa ile mikia, kwa kunifanya nipige magoti mbele ya wake za kaka zangu nikimpapasa mama kama ng'ombe wa mnada. Nikawaza akiingia hapa na kumkumbatia mama, nitachekwa mpaka kaburini.

"Linasukuma," nikasema kwa sauti ya kufika nje. "Linapiga vizuri."

"Kweli?"

"Kweli."

Nikamsikia akishusha pumzi. Kisha mlango wa pikapu ukafunguka, akakaa. Mashine angebishana nayo mpaka jioni, lakini mimi aliniamini.

Saa saba, mia na kumi na nane kwa tisini na sita. Ya juu bado nzuri. Hata leo ukilifungua daftari utasema huyu mgonjwa alikuwa anapona. Mara iliyofuata mashine ilinguruma, ikalegea, ikakataa kusoma. Farhiya akabadilisha betri, ikakataa. Akabadilisha nyingine. Alipoinua kichwa kunitazama, mkono wa mama ulikuwa ndani ya wangu na hakukuwa na kitu cha kugusa wala cha kusukuma. Adhana ya alasiri ilikuwa haijatoka.

Niliwasaidia wanawake kumwosha. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi, na tumbo lilikuwa gumu, limejaa. Jioni Hirbo aliniuliza kitu kimoja tu, tumbo lilikuwaje. Nikamwambia kama kawaida. Ukishapika uongo wa kwanza, wa pili unaiva kwa moto ule ule.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe sikujua nimempa nini mume wangu abebe.

Ijumaa iliyofuata alirudi kazini. Alikata, akazunguka, akainua mkia, akaweka vidole, na hakusema tayari. Wenzake walingoja. Robo saa ikapita, ng'ombe amekauka, yeye bado kachuchumaa. Mwishowe walimwondoa kwa nguvu. Usiku aliniambia, akilia kama nisivyowahi kumwona. Alisema kama mama alikuwa anavuja kiasi cha kufa na pigo bado linasukuma, basi vidole havijui kitu. Na kama havijui kitu, basi ile mikia yote ilimdanganya, na kwa miaka ishirini alikuwa anasema tayari huku wanyama wako hai, wanachunwa wanasikia. Akaanza kuhesabu, wangapi kwa siku, wangapi kwa mwaka. Alikwenda kwa sheikh. Sheikh alimwambia Mungu hamlaumu mtu kwa asichokijua. Akafunga siku sitini hivyo hivyo.

Kisu alikitundika. Akakaa nyumbani, mtu aliyekuwa akilisha mji mzima, akifukuza kuku. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kumtoa humo. Nililibeba kibandani, nikalirudisha nyumbani, miaka miwili. Maana nikimwambia pigo lilikuwa jembamba, amepona yeye, na mimi nimemuua mama. Nikaona heri aumie yeye. Nasema kama ilivyokuwa.

Mwezi uliopita miguu yake ilianza kuvimba. Akawa hawezi kulala chali, analala ameketi ukutani, anahema. Tulikwenda hospitali wakasema moyo umechoka, wakampa dawa. Farhiya anakuja kumpima, na siku hizi anasoma namba zote tatu kwa sauti. Siku moja ilikuwa mia na mbili kwa themanini na sita. Farhiya alipoondoka, Hirbo alininyoshea mkono wa kushoto.

"Hebu nishike wewe," akasema. "Mashine siiamini."

Nikaweka vidole viwili. Ulikuwa ule ule uzi, unapita, unakimbia. Na safari hii, wallahi, nilimhurumia. Sikutaka aogope.

"Linapiga vizuri," nikamwambia. "Linasukuma."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaleta mkono wake wa kulia, akaviondoa vidole vyangu taratibu, akaweka vyake. Miaka miwili hakuwa amemgusa mtu mshipa wala mnyama mkia. Akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka chai iliyokuwa kati yetu ikafanya ngozi juu. Alipofumbua alinitazama usoni, na sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote.

"Mama Ahmad," akasema, "la mama lilikuwa hivi?"

Nilitafuta uongo. Kwa mara ya kwanza sikuupata. Nikanyamaza, naye akapata jibu lake.

Kesho yake alfajiri alitelemsha kisu, akakinoa, akaenda machinjioni na miguu yake iliyovimba, akipumzika kila nguzo ya stima. Hawezi tena kukata, anakata mwingine. Yeye wanamwekea ndoo akae nyuma, anainua mkia, anafumba macho, na akisema tayari, wanachuna. Wanasema mkono wake umerudi kama zamani.

Mimi hanitazami. Analala kwenye chumba cha mbele na mlango kafunga. Tukikutana uani anageuza uso ukutani mpaka nipite. Ijumaa anatundika mfuko wa maini kwenye mlango wa jiko, anakohoa, anaondoka. Mimi ninahesabu hatua zake mpaka ziishe, ndipo natoka kuuchukua.